Cheti Kinachokwisha Baada ya Miaka Mitatu

Kihonda, Morogoro
9 Februari 2024

Mjomba Gervas, shikamoo.

Mkaza mjomba naye nampa shikamoo yake. Huku tunaendelea vizuri kiasi. Goti la mama limepungua uvimbe tangu aanze kwenda kwa daktari wa mjini, ila bado anashuka ngazi kinyumenyume na anagomba tukimshika mkono. Njegere ulizotuma zilifika zote. Anasema nikukumbushe kwamba wewe ni kaka yake na bado hujui kuwa hapendi zilizokomaa.

Ningekupigia simu, lakini masikio yako na simu vimeshindwana, na ukimpa mtu akusikilizie anakufikishia nusu. Kwa hiyo barua hii nampa Rehani, atakuja nayo huko Lugoni na lori la kabichi.

Mjomba, nina jambo. Huu ni mwaka wa sita natengeneza kompyuta dukani kwa Abeid. Mwezi wa kumi na moja kampuni moja inayotunza kompyuta za shule na maofisi ilitafuta fundi. Niliomba, nikaitwa. Bwana mmoja alifungua bahasha yangu, akaitazama karatasi ya kidato cha nne, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine. Akaniuliza, "Cheti cha ufundi kiko wapi?" Nikamwambia sina, lakini anipe kompyuta yoyote mbovu niitengeneze hapo hapo mbele yake. Akasema, "Dada, hapa si gereji."

Kazi alipewa kijana anayeitwa Ezekiel, mwenye cheti. Wiki ya pili Ezekiel huyo huyo alikuja dukani kwetu na kompyuta mbili za ofisini kwao ndani ya mfuko, akaniomba nimtengenezee bila mtu kujua. Nilizitengeneza. Siku ile sikula mchana.

Nataka kufanya mtihani wa kile cheti. Ni cha kimataifa, karatasi mbili, kwa Kiingereza, unafanyia Dar es Salaam, na ada yake ni kubwa. Kinadumu miaka mitatu, kisha unakihuisha. Naomba neno lako ili kile kipande cha shamba alichonipa bibi nikikodishe kwa mkulima wa stroberi kwa misimu miwili. Wewe ndiye msemaji wa ukoo wetu, bila wewe hakuna atakayekubali kukilima.

Mpwa wako,
Scholastika


Lugoni, Mgeta
3 Machi 2024

Mpwa wangu Scholastika,

Marahaba. Barua yako imekaa kwangu siku kumi na tano, na si kwamba Rehani alichelewa. Nilikuwa naisoma.

Sisi wazima. Mvua imeanza mapema na udongo umeshuka barabarani kule kwenye kona ya pili, vijana wamechimba njia ya lori kupita. Plamu zimeisha. Mkaza mjomba wako anakohoa lakini anapalilia. Mwambie mama yako Magreth kuwa njegere changa huliwa na watu wenye shamba karibu.

Shamba la bibi yako halitakodishwa.

Mimi nimetengeneza redio za watu wa milima hii miaka thelathini na sita. Nimetengeneza jenereta ya misheni, mizani ya ushirika, na saa ya padre aliyekuwepo kabla ya huyu. Hakuna hata mmoja aliyesimama mlangoni kwangu akaniuliza karatasi. Aliuliza kama redio inaongea. Sasa wewe unataka kutoa ardhi ya akina mama zako kwa ajili ya karatasi, tena karatasi inayooza baada ya miaka mitatu. Nyanya nazijua zinaoza. Elimu inayooza sijawahi kuisikia.

Huyo kijana mwenye cheti si amekuletea kazi zake? Basi umeshajua nani fundi. Kaa kwa Abeid, fanya kazi.

Zahanati yetu imepewa kompyuta. Nesi Martina ananiita kila inapokwama, na mimi naiangalia. Si kitu kigumu kama mnavyokitisha watu huko mjini.

Mjomba wako,
Gervas


Kihonda
26 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Tuko kwenye Juma Kuu, nawatakia Pasaka njema. Mama anawasalimu.

Nimekusikia kuhusu shamba, na sitalirudia. Nimepata njia nyingine. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza naenda Dumila, kuna maduka matatu yenye mashine za kuchapia na kompyuta, nazihudumia. Ada nitaipata taratibu.

Lakini umenikasirisha, mjomba, nami siwezi kuandika kana kwamba hukunikasirisha. Unasema nimeshajua nani fundi. Kujua kwangu hakunisaidii. Ezekiel anajua pia, na bado yeye ndiye mwenye kiti, bima na likizo, mimi nakaa kwenye kigoda mbele ya duka na vumbi la barabara linaingia kwenye mashine ninazosafisha. Watu walikuja mlangoni kwako kwa sababu mlima mzima ulikuwa na fundi mmoja. Hapa Kihonda kila kibanda kina mtu mwenye bisibisi anayejiita fundi. Mgeni atanitofautisha vipi na hao?

Nilimsomea mama barua yako. Akasema, "Muulize mjomba wako habari za kiwandani." Nilipomuuliza kiwanda gani, akasema hiyo si habari yake kuisimulia.

Kiwanda gani, mjomba?

Scholastika


Lugoni
30 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Pasaka tuliila vizuri ingawa kanisa lilivuja. Kikohozi cha mkaza mjomba wako kimepona. Karoti zimeoza nyingi kwa maji, kabichi zimevumilia. Lori sasa haliji kila wiki, barua zinasubiri barabara.

Mtu mmoja huku ananiuliza swali, nami nakuletea kama lilivyo. Kompyuta ikiwashwa inagonga ndani, tik, tik, tik, halafu inaonyesha maandishi meupe na haiendelei. Anataka kujua afanye nini. Hana haraka.

Magreth aendelee kukanda goti kwa maji ya moto.

Gervas


Kihonda
12 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Naona swali langu halikujibiwa. Lako nalijibu.

Huyo mtu aizime sasa hivi na asiiwashe tena hata mara moja. Kinachogonga ni diski, ndiyo inayotunza kila kitu kilichoandikwa. Kila akiiwasha inajikwaruza zaidi. Asiifungue diski yenyewe kwa namna yoyote, maana ndani yake hata chembe ya vumbi inaharibu. Aitoe nzima, aifunge kwenye kitambaa kikavu, ampe Rehani aniletee. Wapo watu Dar wenye vifaa vya kuokoa yaliyomo. Ni kompyuta ya nani?

Mimi nimeshindwa mtihani. Nilienda Dar wiki iliyopita kwa karatasi ya kwanza. Majibu yanatoka hapo hapo kwenye kioo, hupati hata muda wa kujiandaa. Nilikosa kwa alama chache. Kitabu chake ni kinene kuliko Biblia ya mama na nusu ya vilivyomo sijawahi kuviona Kihonda. Kuna maswali nilijua jibu kwa mikono lakini sikujua neno lake la Kiingereza.

Swali moja bado linanisumbua. Mteja ameleta kompyuta mbovu, ufanye nini kwanza? Mimi nilichagua kuifungua. Jibu ni kumuuliza kama ana nakala ya kazi zake mahali pengine. Nilipolisoma tena nilikifunga kitabu, kwa sababu nisizotaka kuziandika leo.

Nitarudia Agosti. Usiniandikie kwamba uliniambia.

Scholastika


Lugoni
20 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ya Mei imenifikia tarehe tisa mwezi huu. Barabara ilikatika kabisa.

Maelekezo hayakuwa na kazi tena. Ilikuwa kompyuta ya zahanati. Ilipigwa na radi. Mambo hayo yamekwisha, usinitumie tena mafunzo ya diski.

Pole kwa mtihani. Sikusema kitu.

Gervas


Kihonda
8 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo, sasa anatembea hadi sokoni. Hizo ndizo habari njema.

Nesi Martina alinipigia simu juzi. Hakupiga ili akusemee. Alitaka kujua kama kuna lolote la kuokoa. Nikamuuliza kuhusu radi. Akasema kwamba mlima wote unajua ni radi, lakini yeye aliingia chumba cha nyuma akakukuta na taulo mezani, diski imefunguliwa, nawe unaipangusa kwa spiriti.

Nilimwambia hakuna la kuokoa.

Sitakuandikia kwamba si kitu. Martina amenieleza: daftari la kliniki liliisha mwaka jana, likaja hilo la kompyuta, na watoto wote waliopimwa na kuchanjwa tangu Agosti walikuwa humo tu. Sasa akina mama wanaitwa upya. Wengine wanapanda mlima kwa saa tatu na mtoto mgongoni ili waulizwe waliyokwisha kujibu. Na wewe ungeandika neno moja tu, "zahanati", ningempigia Martina siku ile ile na diski ingefika Dar ikiwa nzima. Ukaandika "mtu mmoja". Ukaandika "hana haraka". Nikifikiria maneno hayo mawili nashindwa kushika kazi.

Sasa sikia na langu, kwa sababu sina haki ya kukuandikia haya halafu nikanyamaza.

Miaka miwili iliyopita alikuja dukani msichana anaitwa Irene, mwanafunzi wa chuo. Laptopu yake ilikuwa nzito, haifunguki. Alikuwa amekusanya takwimu za mpunga kule Dakawa misimu miwili, amepima mashamba kwa kamba, na zote zilikuwa humo. Sikumuuliza. Niliifuta yote nikapiga windo upya, ule mfumo unaoendesha kompyuta, ikafunguka upesi sana, nikafurahi. Akaja akaikuta tupu. Nikamwambia diski ilikuwa imeshakufa alipoileta. Haikuwa imekufa. Niliiua mimi, na hata sikujua kama ni kosa la fundi mpaka nilipolikuta lile swali la mtihani.

Hicho ndicho cheti kimenifundisha hadi sasa, kabla sijakipata. Sijui kama ni kitu cha kushukuru.

Scholastika


Lugoni
15 Agosti 2024

Mpwa wangu Scholastika,

Marahaba. Tuko salama. Leo ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa, nimetoka kanisani nikakaa moja kwa moja kuandika, la sivyo nisingeandika.

Ulitaka kiwanda. Mwaka 1987 nilishuka mjini na sanduku la vifaa vyangu. Kiwanda kimoja kilikuwa na mashine imelala wiki tatu, mafundi wao wameshindwa. Mtu wa huku aliyekuwa mlinzi akanitambulisha. Niliifungua asubuhi, jioni ikazunguka. Msimamizi alinishika mkono, akasema kesho nije ofisini niandikwe. Nikalala kwake mlinzi, nikampelekea mama yako ujumbe kwamba nimepata kazi. Kesho yake karani akauliza vyeti. Nilikuwa na cha darasa la saba. Akasema kwa hicho nafasi iliyopo ni ya kufagia. Nikamtazama msimamizi, naye akatazama dirishani. Nilifagia siku nne chini ya mashine niliyoitengeneza mwenyewe, siku ya tano nikapanda mlima.

Nilipofika nyumbani niliwaambia watu kwamba mjini hewa ilinikataa.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba yule bwana aligeuza karatasi yako, mimi nilimwona. Nilipaswa kukuambia hivyo. Badala yake nikakuandikia habari za nyanya.

Kuhusu diski. Nilisubiri barua yako siku kumi na nane. Kila asubuhi Martina aliniuliza, "Baba, imefikia wapi?" na mimi niliona haya kumwambia namsubiri mtoto wa dada yangu. Nikajiambia redio ikikwama huwa napangusa ndani, inaongea. Nilipoona kile kisahani cha ndani kinavyong'aa kama kioo nilijua sikijui. Niliendelea kupangusa.

Sasa nazunguka na Martina. Akina mama wana kadi za watoto nyumbani, zile za karatasi, na kila kitu kimeandikwa humo. Jumanne na Ijumaa tunapita nyumba kwa nyumba, yeye anasoma kwa sauti kubwa, mimi naandika kwenye daftari. Tumemaliza vitongoji viwili kati ya vitano. Miguu imevimba.

La radi sijalisema kwa mtu. Sijui nitalisemaje.

Shamba ni lako. Nimewaambia wenzangu wa ukoo. Likodishe au lilime, sitauliza.

Gervas


Kihonda
24 Novemba 2024

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua yako mama aliisoma mwenyewe, akaikunja, akasema, "Siku zote nilijua si hewa." Kisha akaenda kulala mapema. Goti halimuumi tena.

Shamba nimeliacha kwanza. Ada niliipata Dumila.

Karatasi zote mbili nimepita, ya kwanza Agosti, ya pili Oktoba. Cheti kimekuja kwenye barua pepe, hata bahasha hakina, nimekichapa mwenyewe kwa Abeid. Nikarudi kwa yule bwana wa kwanza. Alikisoma vizuri sana safari hii. Akasema, "Hongera, lakini tangu mwaka huu tunataka stashahada." Nilimwomba karatasi yangu, nikaondoka. Nilifika stendi nikakaa kwenye benchi, daladala tatu za Kihonda zikaondoka nikiziangalia. Nilikuwa nahesabu Jumapili zote nilizozitumia Dumila.

Niliomba mahali pengine panne. Wawili hawakujibu. Mmoja alisema wanataka mwanamume kwa sababu kuna kubeba. Wa nne ni shirika linalotunza kompyuta za zahanati na vituo vya afya vya wilayani. Walichuja maombi kwa cheti kwanza, mtu aliniambia wazi kwamba bila hicho bahasha yangu isingefunguliwa. Walionihoji walikuwa watatu. Mama mmoja akaniambia, "Tueleze kosa ulilofanya kazini." Nilikuwa nimeandaa la uongo, dogo, zuri. Nikamsimulia la Irene. Wanaume wawili waliandika. Yule mama aliacha kuandika, akauliza, "Huyo msichana anajua?" Nikasema hapana.

Jumamosi ile nilimtafuta. Yuko mjini, alimaliza chuo kwa kuchelewa mwaka mzima kwa sababu ilibidi arudi Dakawa kupima upya. Nilimwambia pale mlangoni kwake. Alisema muda wote alikuwa akijilaumu yeye, kwa sababu laptopu ilimdondoka siku moja kabla ya kuileta kwetu. Kisha akaingia ndani. Nilisubiri barazani. Hakutoka tena, nami sikumwita.

Jumatano shirika lilipiga simu. Nimepata, mkataba wa mwaka mmoja, miezi mitatu ya kwanza ya kuangaliwa. Mshahara unazidi kidogo tu nilichokuwa nakipata kwa Abeid. Abeid amekasirika, anasema amenifundisha kwa ajili ya wengine.

Huenda utaniuliza kama kilifaa, mjomba. Hakikunipa mikono, mikono nilikuwa nayo. Kwa yule wa kwanza hakikununua hata kiti cha kukalia. Kwa hawa kimenifungulia mlango mmoja, na baada ya miaka mitatu nitakilipia tena ili mlango ubaki wazi, jambo ambalo bado linaniudhi. Lakini sasa mtu akiweka mashine mbele yangu nauliza kwanza kilichomo ndani yake ni cha nani.

Lugoni imo kwenye orodha yangu. Nitakuja Januari na kompyuta mpya ya zahanati. Sitawaambia watu chochote kuhusu radi, wala sitasema ilikuwa radi wakiniuliza.

Scholastika


Lugoni
8 Desemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera. Nimeiandika hongera hii kwa mkono uliotulia, Magreth ataona. Mkaza mjomba wako amekuchagulia kuku.

Sikutaka uje ukute ile radi. Jumapili iliyopita, baada ya matangazo ya mwisho, nilimwomba padre nafasi. Nikawaambia kwamba kompyuta haikupigwa na kitu, niliifungua mimi, kuifungua vile kunakatazwa na kazi yenyewe nami sikujua, kisha nikasema uongo kwa miezi saba. Sikusikia walichosema kwa masikio haya. Niliona midomo. Wengine walikuwa wanacheka, mzee Fransisko alitikisa kichwa hadi nikaketi.

Nje alinisubiri Hosiana, yule wa kitongoji cha juu kabisa, mtoto wake wa pili ni wa mwaka huu. Alinisogelea sikioni ili nisikie vizuri. Akasema, "Mara mbili nimeshuka na kupanda bure kwa ajili yako. Jumatano ni kliniki. Wewe ndiye utambeba."

Nikadhani anatania. Jumatano alfajiri alikuwa mlangoni, akanifunga mtoto mgongoni kwa khanga yake, akatangulia mbele bila kugeuka. Ule mteremko na ule mpando naujua tangu nikiwa mdogo, lakini sijawahi kuupita nikiwa na mtu anayelala shingoni kwangu. Nilipumzika mara tano. Tulipofika, Martina alimpima, akanigeukia, akaisema namba kwa sauti ya kunifikia, nami nikaiandika kwenye daftari. Kilo nane na nusu.

Mjomba wako,
Gervas